Karata thelathini na mbili za Shangazi Kemunto

Jumapili, Birongo. Mvua ilianza saa nane mchana na bado inanyesha.

Nimeandika habari kwa miaka mingi na huwa sishangai upesi. Leo nimeshangaa. Naandika sasa hivi kabla sijaanza kulipunguza jambo lenyewe.

Nilikuja kwa kutumwa. Binamu yangu Ombati, anayefanya kazi Nakuru, aliniomba nimwangalie mama yake, Shangazi Kemunto, kisha nimwambie ukweli: anaweza kuendelea kukaa peke yake, au ahamishwe?

Sababu zilikuwa mbili. Shangazi ameunguza sufuria mbili mwezi mmoja. Halafu Akinyi, mke wa Ombati, alipomtembelea na kumwomba wacheze mchezo wake wa karata, Shangazi alizitazama karata, akazisukuma, akasema, "Hizi sizijui." Akinyi akampigia mumewe simu: mama amesahau hata mchezo wake.

Hakutaja kwamba karata hizo alizinunua dukani, zikiwa bado zinang'aa. Alikulia Homa Bay, kwao karata za dukani zilichezwa tu, hakuona kama hilo ni jambo.

Ni jambo. Hii ni nyumba ya Wasabato. Karata zenye wafalme na malkia ni za kamari, na hazijawahi kuvuka mlango huu. Za Shangazi alizikata mwenyewe kutoka kwenye makatoni, akazichora: chai, ndizi, mahindi na wimbi, kila aina moja hadi nane. Anayeanza hutupa moja, wengine hufuata aina hiyo, na namba kubwa inakula zote. Zilizoliwa hulazwa kifudifudi. Kuzichungulia ni marufuku. Zinapobaki karata za mwisho mikononi, mwenye ujasiri hutaja wenzake wameshika nini.

Tulicheza wanne: Shangazi, Akinyi aliyekuja nami, jirani yake Shangazi aitwaye Nyaboke, na mimi. Nakiri kwamba sikucheza kwa nia safi. Nilikuwa na daftari mapajani, nikiandika kila karata iliyoanguka, ili nimpime mwenyeji wangu.

"Wewe wa gazeti, umelala?" Shangazi aliniuliza. "Tupa hiyo wimbi saba. Nane iliondoka zamani. Unamwogopa nani?"

Ndiyo niliyokuwa nimeshika.

"Mwache," Nyaboke akasema. "Yeye amezoea kuuliza watu, hajazoea kukumbuka."

Tukabaki na karata moja moja. Shangazi hakuharakisha. "Nyaboke ana mahindi mbili, ndiyo maana amenuna. Akinyi ana chai tano, amekuwa akiificha kama yai. Na huyu wa gazeti ana ndizi moja. Pole."

Tukafunua. Mahindi mbili. Chai tano. Ndizi moja.

Tulicheza mara tatu zaidi. Hakukosea hata mara moja. Daftari langu lilikuwa na makosa mawili.

Akinyi aligeuzageuza karata moja ya katoni. "Mama, kumbe zile nilizoleta..."

"Zile zina wafalme. Ningemwambia nini mchungaji?"

Nyaboke alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kisha Shangazi akanigeukia. "Ombati amekutuma. Utamwambia nini?"

"Kwamba uko sawa."

"Hapana. Mwambie na sababu ya zile sufuria. Karata ziko mbele ya macho yangu. Sufuria nikiiacha motoni nikaenda kwa ng'ombe, inanitoka kichwani kabisa. Ukificha hilo, siku nikiunguza nyingine hataniamini kwa lolote."

Nimehoji madiwani, machifu, watu walioshtakiwa. Wengi wameniomba niondoe jambo. Sikumbuki hata mmoja aliyeniomba niongeze lile litakalomuumiza, huku nyumba yake ikiwa ndiyo inayoamuliwa.

Nyaboke alisema chakula cha moto watapika pamoja, jikoni kwake, kuanzia leo. Nikamwandikia Ombati yote kwa mpangilio: karata, kosa la Akinyi, sufuria, Nyaboke. Sikuweka maoni yangu.

Alipiga simu kabla giza halijaingia. Hakunitaka mimi, alimtaka mama yake. Nilimsikia Shangazi akijibu, "Ee. Hapa. Nabaki hapa. Ee." Akakata simu, akavaa gambuti, akatoka kwenda kukamua.

Nimebaki nikijiuliza. Nikifika umri wake, na watu wakikaa kuniamulia, nitaweza kutoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe?