Shamba la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Leo nimefanya wema. Nimemfungulia mama mkwe akaunti yake kwenye kompyuta ya sebuleni – jina lake, picha yake, maandishi makubwa. Siku zote alitumia ya mume wangu. Ameshika kipanya kwa ule mkono uliopooza mwaka jana, akafungua mchezo wake wa shamba. Ukamuuliza: "Anza shamba jipya?"
Ng'ombe hakuna. Mahindi hakuna. Kisima hakuna. Ameniangalia tu, akaenda kulala mchana kweupe.
Tenda wema nenda zako, wanasema. Niende wapi? Naishi hapa.

Jumatano, 5 Machi
Amegoma. Daktari wa viungo alisema wazi: mchezo ule ndio uliomrudishia vidole, asiuache. Mume wangu anasema ni mchezo tu, aanze upya. Nikamwambia amwambie mama yake mwenyewe. Akakumbuka ana kazi.
Jioni mama amempigia shemeji, mwanawe wa pili. Mlango wazi, sauti juu. Aje Jumamosi amchukue, huku wamemfilisi.
Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, na hilo limeniudhi zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa kompyuta kwenye simu: shamba halijafutwa. Mchezo unahifadhi kila kitu kwenye folda za mwenye akaunti. Lile shamba liko kwa mume wangu. Kwa mama hakuna kitu. Nihamishe tu. Rahisi!
Nimekuta folda yenye jina la mchezo, nimeinakili, nimemwita mama. "Anza shamba jipya?" Kumbe nimebeba picha na miziki ya mchezo, shamba nimeliacha.
"Usijisumbue, mwanangu," akasema. Kwa upole! Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi tena. Folda yenyewe imefichwa, haionekani mpaka uiamuru ionekane. Ingekuwa mimi, kwenye nyumba hii ningejificha pia.
Nimeiona! Nimehamisha, nikafungua mwenyewe kwanza, nisimwite bure.
Wanyama wote wapo, na wote wana majina. Mume wangu ni beberu. Shemeji ni bata. Wajukuu ni vifaranga. Mimi nimejitafuta zizini, sipo. Bandani, sipo. Nyuma ya kisima – punda. Jina langu, herufi kwa herufi. Nikakasirika kweli.
Halafu nikaona ana kibanda chake peke yake, kimepakwa rangi. Wengine wote wana bei, hata mume wangu, tena si kubwa. Kwa punda ameandika: Hauzwi.
Nimefunga mchezo. Kesho asubuhi nitamwita mama.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji yuko nje, anapiga honi. Mama yuko kwenye kompyuta, koti mwilini, sanduku miguuni. Amesema shemeji asubiri, amwagilie kwanza. Ya punda hatujazungumza.
Mahindi amemaliza. Sasa anapanda mengine.
Honi tena. Ameniuliza kama chai ipo.