Kibuyu cha Baba Anitha nilichokitoboa

Jumamosi, Bukiriro. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu haujatoka kwenye migomba.

Bwana Yesu asifiwe, wewe unayesoma. Hujambo huko uliko? Na wa nyumbani kwako wameamkaje? Walionizidi umri, shikamooni. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto linanisumbua kila inaponyesha.

Leo sina picha. Mlionizoea mnajua kwamba kila Jumamosi naweka picha ya kitu cha zamani nilichokigeuza pambo. Leo nina kitu nilichokiharibu, na hapa ndani sina wa kumweleza. Basi nakueleza wewe.

Kwa aliye mgeni: Baba Anitha, mume wangu, alifariki mwaka jana baada ya Pasaka. Watu walijaa hapa wiki nzima, wakapika, wakaimba, wakalala hadi jikoni. Halafu kila mtu akarudi kwenye maharage yake. Binti yetu Anitha naye akarudi kazini Mwanza. Kabla hajaondoka alinionyesha kwenye simu video za watu wanaotengeneza mapambo kwa vitu vilivyochakaa, akanifungulia na ukurasa huu. "Mama, shughulisha mikono," aliniambia.

Nikaishughulisha. Ringi ya baiskeli ya marehemu niliizungushia vitambaa, katikati nikaweka kioo cha kujitazamia. Tairi la gari nikalivika kamba za migomba, likawa stuli. Kanga zangu za zamani nilizichana nikasuka mkeka wa mlangoni. Chemli iliyovunjika kioo sasa inashika maua. Sebule yangu imependeza, nasema kweli, hata mke wa mchungaji alisimama mlangoni akashangaa.

Alisimama mlangoni tu, alikuwa na safari.

Sasa kibuyu. Nyuma ya mlango palikuwa na kibuyu kikubwa, cheusi kwa uzee, alichoachiwa Baba Anitha na baba yake. Kila Jumapili jioni kilijazwa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na marehemu na mdogo wake Pastory na jirani yetu mmoja walikizunguka pale barazani, kila mtu na mrija wake. Mimi nimeokoka, niko kwaya tangu usichana. Nilikuwa nakaa jikoni na Biblia yangu huku wao wanacheka. Pastory alikuwa ananiita kwa sauti, "Shemeji, njoo utuombee, huyu kaka yangu ananyonya kama ndama!" Nilikuwa nanuna. Na usiku kwenye maombi nilikuwa namwambia Mungu azinyamazishe zile kelele.

Mungu alinyamazisha.

Basi mwezi wa nane nilikishusha kibuyu. Nilikisugua, nikakipaka rangi nyeupe, nikapasha msumari kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu, nikakitoboa chini ili maji yasituame. Nikapanda ule mmea unaotambaa, nikakitundika dirishani. Mirija yao nayo niliikata vipande, nikaizungushia picha ya marehemu. Nikaandika hapa kwamba chombo cha pombe sasa kinamsifu Bwana. Mlinisifu sana. Wengine wa Dar, wengine hata sijui mko wapi. Siku ile nilisoma majibu yenu mara mbili mbili, kama barua.

Alhamisi hii alikuja Shemeji Pastory kutoka Murusagamba. Kwa njia ile yenye mashimo, akapanda pikipiki mpaka hapa ili tupange siku ya kuondoa msiba, yaani kumaliza maombolezo. Nilifurahi mpaka nikamwaga majani ya chai. Nikamkalisha kwenye stuli ya tairi.

Akaitazama kwanza. "Shemeji, hili likipata pancha nitaanguka?"

Nikamwambia halina upepo, akae tu. Akacheka. Ilikuwa miezi mingi sijasikia mwanamume akicheka ndani ya nyumba hii.

Tukapanga Jumamosi ijayo. Kisha akauliza kibuyu cha mzee kiko wapi.

Kwetu hapa, siku ya kuondoa msiba, ndugu wa marehemu wanakunywa kwenye kibuyu chake mwenyewe, pale pale kwake. Kinajazwa mbele yao. Wa kwanza kupewa mrija ni mjane. Hata kama hanywi anagusa tu na midomo, na shemeji zake wanamwambia mbele ya watu: wewe bado ni wa hapa. Nilimwona mama mkwe wangu akifanyiwa hivyo. Nilikuwa nimeshika ungo wa ndizi, nikaona uso wake ulivyofunguka.

Kwa hiyo nilijua. Nataka niwe mkweli kwako, maana nikikudanganya na wewe nitabaki na nani? Nilipokuwa napasha ule msumari nilijua kabisa kibuyu kile kina kazi moja imebaki. Nilijiambia hayo ni mambo ya zamani, mimi nina Yesu. Lakini haikuwa Yesu peke yake. Ilikuwa hasira. Miaka yote ile ya Jumapili, wao barazani, mimi jikoni.

Nikamwonyesha dirishani. Pastory alisimama, akakishusha, akakigeuza. Akachokoa tundu kwa ukucha, na udongo ukamwagikia kwenye mkono wa shati lake.

"Umekitoboa."

"Ili maji yatoke, shemeji."

"Na sisi siku hiyo tuzunguke nini? Tairi?"

Safari hii hakucheka. Alisema kama kibuyu hakishiki, msiba utaondolewa kwake Murusagamba, kwa kibuyu kingine, na mimi nikipenda nitakwenda kama wageni wengine. Chai yake aliiacha. Ilipoa pale mezani mpaka ikafanya utando, na mimi sikuwa na moyo wa kuimwaga.

Kama wageni wengine. Nimeolewa hapa nikiwa na miaka kumi na tisa.

Jana nilikesha na maombi, na leo asubuhi niliung'oa ule mmea nikauhamishia kwenye kopo. Rangi nimeikwangua kwa gunzi la mahindi mpaka vidole vikachubuka. Chini ya rangi kibuyu bado ni cheusi vile vile, na ukikaribisha pua bado kinanuka rubisi na moshi. Nilikaa nacho mapajani, nikalia kidogo. Miaka yote sikuipenda harufu ile. Leo niliivuta kama mtu mwenye kiu aliyekaribia maji.

Nimejaribu kuziba. Nta ya mshumaa ilishika, nikajaza maji, nikasoma zaburi moja, nikakuta meza imelowa. Nikajaribu sabuni ya mche. Nikajaribu kiraka cha pancha kilichobaki kwenye mfuko wa baiskeli ya marehemu. Hicho kilishika muda mrefu kuliko vyote, nikaanza hata kuimba, halafu kikabanduka chote kwa mara moja.

Mchana wifi yangu Leokadia, dada yao, alinipigia simu. Hakunigombeza. Alisema, "Mama Anitha, Pastory amekasirika lakini hajafunga mlango. Amesema ukikiziba tutakuja kwako wote. Ila ukizibe kweli, siyo kwa rangi."

Nikamuuliza je, ndani nikiweka maji ya ndizi ambayo hayajachacha, watakataa? Akasema, "Wewe hakikisha kinashika. Tutakachokunywa tutaongea hapo."

Kwa hiyo nimebakiwa na siku sita. Kibuyu kipo hapa mezani, kimelala kifudifudi, tundu linatazama dari. Ni dogo, halizidi punje ya harage. Picha ya marehemu inaniangalia kutoka katikati ya mirija niliyoikata, na sijui kama anacheka au ananuna.

Nimesikia zamani wazee walishona vibuyu vilivyopasuka kwa nyuzi, kisha wakaziba kwa utomvu wa mti fulani. Hapa jirani aliyejua alishafariki. Sijui ni mti gani, sijui unachemshwa au unapakwa hivyo hivyo, wala kama unaumiza tumbo.

Wewe uliyezoea kuniandikia "mama, pambo zuri", leo nakuomba kitu kingine. Kama unajua, au una bibi anayejua, muulize kibuyu kilichotobolewa kinazibwaje, uniandikie kabla ya Alhamisi, maana lazima kikauke vizuri.

Na kama hujui, niandikie tu kwamba hujui. Nijibu mapema, tafadhali. Simu nimeiweka hapa karibu na kibuyu.