Barua Tatu Nilizojiandikia Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi kuna kikao cha familia nyumbani kwetu na mtu atakayesomewa mashtaka hana kosa lolote, mwenye kosa ni mimi, na anayejua hilo ni mimi na Mungu, na sasa wewe.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi yangu ni kuandika majina ya watu walioshika mashavu na kuwaambia daktari anakuja sasa hivi, na kwa kuwa daktari haji sasa hivi, napata muda mwingi wa kusoma, nami ugonjwa wangu ni riwaya za mapenzi, zile za zamani hasa, ambamo mwanamume anatazama dirisha la mwanamke kwa kurasa mia mbili kabla hajathubutu kufungua kinywa, lakini akikifungua, anakifungua kweli, kwa maneno ambayo yakinikuta kazini naweza kumwita mgonjwa mmoja kwa jina la mwingine. Mume wangu ni fundi miwani, naye ana ugonjwa wake, hadithi za wapelelezi watoto, wale watoto wanne na baiskeli zao wanaogundua kwamba mlinzi wa ghala ndiye mwizi wakati polisi bado wanakuna vichwa, amezisoma tangu ana miaka kumi na sasa ana arobaini na moja, na kila jioni humsomea binti yetu wa miaka saba mpaka ibaki sura moja, kisha anafunga kitabu na kumwuliza, "Haya mkaguzi, mwizi nani?" na mtoto haambiwi mwisho mpaka ataje mtu na sababu.

Mshauri, huyu mume ni mtu mzuri, hanipigi, hanitukani, hapotei, lakini miaka tisa ya ndoa hajawahi kuniambia ananipenda, hata siku moja, hata kwa bahati mbaya. Mwaka jana nilimwuliza wazi, "Hivi wewe unanipenda?" akaweka kikombe chini, akafikiri, akasema, "Kwani umeona dalili gani kwamba sikupendi?" Siku ya kutimiza miaka tisa nilivaa nikapendeza, nikakaa kusubiri neno, akanipa miwani aliyoichonga mwenyewe akasema, "Lenzi hizi hazikwaruziki." Basi. Nikaenda chooni nikalia nikiwa nimeivaa.

Hapo ndipo shetani aliponipitia, nikakumbuka kwamba katika riwaya zangu mwanamume mzito wa maneno huamka pale tu anapotokea mwingine, nami mwingine sina na simtaki, kwa hiyo nikamtengeneza. Nilinunua karatasi za bluu kwenye duka la fotokopi lililo mkabala na kliniki yetu, nikaandika kwa mkono wa kushoto, "Kila asubuhi ukivuka barabara, mimi husahau nilichokuwa nakifanya. Huniulizi jina, nami sina ujasiri wa kulitaja." Nikaiacha ikichungulia kwenye mkoba. Mume wangu akaiona, akaisoma, akairudisha vilevile ilivyokuwa, mimi nikiwa nyuma ya pazia nikisubiri angurume, naye akaja akakaa, akala, akanawa, akauliza, "Ile rula yangu iko wapi?" Kesho yake akanunua daftari.

Nikaandika ya pili, nikaandika ya tatu, kwenye ya tatu nikataja na gauni langu la kijani. Na sasa nikuambie ukweli unaonitia aibu kuliko uongo wenyewe, wiki zile tatu ndizo zilikuwa tamu kuliko zote katika ndoa yangu, kwa sababu alianza kunitazama, alianza kuja kunichukua kazini, ananiuliza leo umeongea na nani, umecheka nini, na mimi natembea kama nina chemchemi miguuni.

Lakini upelelezi ukimkolea mtu lazima apate mshukiwa. Siku moja akiwa anaoga nililifungua lile daftari nijue anamshuku nani. Mwanzoni kulikuwa na mambo madogo madogo tu, "Jumanne. Karudi saa kumi na moja na robo. Anaegemea mguu wa kushoto, kile kiatu cheusi kinambana na hasemi. Kacheka mara mbili, zote kwa mtoto. Alhamisi. Gauni la kijani. Akilivaa hutembea kama aliyepata habari njema." Nikaruka hayo nikafika kwenye orodha, na jina la juu, limepigiwa mistari miwili, ni la mtu wa fotokopi, yule ambaye mtaa mzima tunamwita Mpole.

Ushahidi wake ni karatasi ya bluu, haiuzwi kwingine, na mtu wa kuniona kila asubuhi nikivuka barabara ni yeye, na gauni la kijani analijua maana nilikuwa nimelivaa siku nilipokwenda kutoa nakala za fomu za wagonjwa. Mume wangu akamfuata dukani akamwekea barua mezani, akamwuliza, "Karatasi hii unaijua?" Mpole akasema anaijua, si ndiyo anayoiuza. "Na maneno haya?" Sasa Mpole ana kigugumizi akishtuka, akaanza, "Mi-mi-mi..." mume wangu akaandika kwenye daftari, "Amekiri nusu." Akamwambia mwenye duka, na mwenye duka, mtu wa kuogopa maneno ya watu, akamwambia Mpole akae nyumbani mpaka familia zikae kikao. Kumbe Mpole ana mchumba, harusi imekaribia, na mchumba kasikia, hapokei simu zake.

Jana alikuja kliniki, akasimama mbele ya kaunta yangu kama mgonjwa, akanisubiri nimalize kuandika, akasema taratibu bila kugugumia hata mara moja, "Dada, mimi nimekukosea nini?" Nikamwambia daktari anakuja sasa hivi.

Jumamosi anakuja kaka yangu mkubwa na shangazi yake mume wangu, yule ambaye akikohoa ukoo mzima unanyamaza. Nimeshaandika barua ya nne, iko kwenye mkoba wangu hapa ninapokuandikia, inasema mimi niliyekuwa nakuandikia nimehama mji, simjui mtu wa dukani wala yeye hanijui, kwaheri ya kuonana. Nikiiacha mume wangu akaiona, Mpole atakuwa salama, ndoa yangu itakuwa salama, na siri itakwenda nami kaburini. Niambie mshauri, niiache mezani? Au nisubiri tu mambo yajipoze yenyewe? Namba yangu ya simu nimeiweka nyuma ya bahasha.

Mimi niliyejichimbia kisima.

MSHAURI ANAJIBU

Barua hii ilinifikia Jumatatu, na gazeti hutoka Jumapili. Ningesubiri ukurasa wangu, mtu wa watu angekuwa ameshahukumiwa. Kwa hiyo nilimpigia simu mwandishi saa ya chakula cha mchana nikamsomea jibu hili. Yeye ndiye aliyeniruhusu kulichapisha sasa.

Mwanangu, itoe hiyo barua ya nne kwenye mkoba. Ichane. Nasubiri. Nimesikia ikichanika mara moja tu, chana tena.

Ungeiacha mezani ungekuwa umemfanya nini mumeo? Ungempa dalili mpya! Mtu aliyetoka rula hadi daftari kwa barua ya kwanza, ukimpa mtu aliyehama mji atakwenda kuuliza kwenye vituo vya mabasi. Na Mpole angebaki na doa, kwa sababu watu wangesema, "Ona, alipobanwa kaandika ya kujiosha." Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeshafika mwisho wake, umebakiza kugonga ukuta.

Pole kwa ile siku ya miwani. Nakuonea huruma kweli. Mwanamke anayetaka kuambiwa neno moja tamu hana makosa, na asikudanganye mtu kwamba ni utoto wa kusoma riwaya. Watu wanazipenda riwaya hizo kwa sababu ndani yake hakuna anayependwa kimyakimya mpaka anazeeka. Mwishowe mtu anasema. Na mumeo anapenda hadithi zake kwa sababu ndani yake hakuna jambo dogo. Kitufe kilichodondoka kina maana, tope kwenye kiatu lina maana, na mtoto asiyesikilizwa na mtu ndiye aliyeona. Msivichome vitabu, havijamkosea mtu. Lakini wewe ulichukua ujanja wa riwaya ukauacha ujasiri wake. Katika hizo kurasa mia mbili za kutazama dirisha, hujawahi kupiga kelele, "Si umwambie tu!"? Mimi hupiga, mpaka majirani wanajua ninasoma nini. Sasa ninakupigia wewe.

Jambo jingine. Uliruka kurasa za daftari ukakimbilia orodha ya washukiwa. Rudi nyuma usome. Mwanamume aliyejua ni kiatu kipi kinakubana, na kwamba umekaa kimya juu yake, na kwamba umecheka mara mbili tu siku nzima, huyo alikuwa anapeleleza nini, mwanangu? Sikuambii utosheke na hayo. Daftari halisemi, na wewe una haki ya kuambiwa kwa sauti. Ila usiendelee kudai kwamba hakutazami.

Ufanye hivi, na ufanye leo. Ukitoka kazini usipite sokoni wala kwa rafiki wa kukutia moyo. Mpeleke mtoto kwa jirani. Mwambie mumeo akae, umwambie kwa maneno machache, "Barua niliandika mimi." Usianze na miwani, usianze na machozi, usianze na "kama wewe ungekuwa". Kosa kwanza, sababu baadaye. Akikasirika, mwache akasirike. Kesho asubuhi, kabla ya kliniki kufunguliwa, mwende wawili kwa mwenye duka mkamsafishe Mpole mbele ya wafanyakazi wenzake, kwa sauti ileile aliyoshtakiwa nayo. Kisha kwa mchumba wake. Huko utazungumza wewe, mumeo atasimama pembeni na daftari lisionekane. Kuona aibu kutakuuma siku mbili tatu. Kumwona Mpole akipita mtaani bila kazi wala mke kungekuuma maisha.

Nilimsomea hayo, akasema, "Asante, mama," akakata. Jumatatu iliyofuata akanipigia.

Alimwambia. Anasema mumewe alimjibu, "Mwandiko ulinitia shaka tangu barua ya pili. Herufi k yako ina mkia, hata ungeandika kwa mguu. Nikakutoa kwenye orodha."

"Kwa nini ulinitoa?"

"Kwa sababu ingekuwa wewe, ningelazimika kujiuliza mke wangu anajiandikia barua kwa kukosa nini. Na hapo mwizi ningekuwa mimi."

Basi bwana fundi miwani, kwa kuwa najua utaukata ukurasa huu na kuubandika mahali, na wewe sikiliza. Ulikuwa na dalili sahihi mkononi, ukaifumbia macho kwa kuogopa kujilaumu, ukamnyooshea kidole mtu mwenye kigugumizi. Hakuna mtoto hata mmoja kwenye vitabu vyako angefanya hivyo. Ninaambiwa siku ile ulimwambia mkeo unampenda, na kwamba ulilitoa neno hilo kama mtu anayeng'olewa jino. Vizuri. Linauma mara ya kwanza. Liseme tena wiki hii, na usiulizwe.

Mpole amerudi kazini, mwenye duka akamwomba radhi mbele ya foleni ya watu wa fotokopi. Mchumba wake aliwasikiliza hawa wawili mlangoni bila kuwakaribisha ndani, akamwambia mke, "Wewe ulitaka kusemeshwa na mumeo, mimi karibu nisimsemeshe tena wangu," akafunga mlango. Jioni akapokea simu ya Mpole. Kikao cha Jumamosi hakikufutika, maana shangazi alikuwa ameshafika na mzigo wake, naye hajawahi kusafiri bure. Akawasema wote wawili tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kaka mtu akiitikia tu kama mwitikiaji wa kwaya.

Swali lako la mwisho, mwanangu, lile uliloniuliza kabla hujakata simu hii ya pili. Harusi ya Mpole ni mwezi ujao, mtaa mzima umepata kadi, nyinyi hamkupata. Unauliza mwende tu, ili muonyeshe hamna kinyongo? Hapana. Mwenye haki ya kuwa na kinyongo ni yeye, na atakiweka chini siku atakayochoka kukibeba, si siku mtakayovaa nyinyi mkapendeza. Nunueni zawadi nzuri, pelekeni siku moja kabla, ikabidhini mlangoni kwa yeyote atakayefungua, msiombe maji, mrudi nyumbani. Mtaani mkikutana naye msalimieni, akiitika mshukuru, asipoitika mpite.

Na kwenye hiyo zawadi, nawaomba sana, msiweke barua.