Huna Safari Inayoendelea

Jumamosi, 8 Machi
Abiria sita kabla ya saa nne. Kihesa, Iringa mjini, Kihesa tena. Ukungu mzito, vidole vimekufa ganzi. Wote niliwaambia neno letu: kata safari huko kwenye simu, tuelewane huku huku. Watano wakakata. Kampuni yenye programu inakosa asilimia yake, abiria anapunguziwa, kila mtu anacheka. Kijiwe kizima tunafanya hivyo. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu. Najivunia, kusema kweli.

Jumapili, 9 Machi
Ibada ya kwanza, kisha nikaosha bajaji. Shemeji alipiga kutoka Uyole, anauliza hali ya mtoto wetu. Ndivyo anavyoiita bajaji. Aliinunua kwa kiinua mgongo cha marehemu kaka, akanikabidhi mimi, hakutaka mgeni. Viazi vyake vimeozea shambani kwa mvua. Bajaji ndiyo inayomsomesha Neema, binti wa kaka, chuo cha uuguzi. Nikamwambia mtoto hajambo.

Jumatatu, 10 Machi
Imeibwa.

Saa tisa mchana, jua linawaka. Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, anakwenda Nduli. Aliniita kwa programu, na alipopanda akakata safari hata kabla sijamaliza kumwomba. Nikamwona mwelewa. Mpumbavu mimi. Nyumba zilipokwisha akaniwekea kisu shingoni. Kwenye programu kuna kitufe chekundu cha dharura. Nikakibonyeza kwa kidole gumba. Kikaandika: Huna safari inayoendelea. Nikabonyeza tena. Maneno yale yale.

Alinishusha kwa adabu kabisa. Simu yangu hakuitaka, imepasuka kioo.

Polisi waliniuliza nilimpata wapi. Nikasema alinisimamisha barabarani. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Muongo, najua. Dereva akigundulika anawaambia abiria wakate safari, kampuni inamfungia. Nimelinda akaunti ya kuendeshea bajaji nisiyokuwa nayo.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji nimempigia. Nimemwambia hayo hayo ya barabarani. Akasema, "Pole, shemeji. Cha msingi uko mzima." Pole yake imenichoma kuliko kile kisu.

Kutwa nzima naitazama ile safari iliyokatwa. Bado ipo kwenye simu yangu: jina moja, picha ya ua. Namba yake kampuni wanayo. Nimeinuka mara mbili kwenda kituoni nikaseme. Mara mbili nimeishia Miyomboni, nimekunywa chai, nimerudi nyumbani. Mwoga.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda. Nimesema yote. Afande hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Amesema wataandika barua kwa kampuni.

Jumapili, 16 Machi
Hakuna.

Jumatano, 19 Machi
Majibu yamekuja. Namba imepatikana, na watu wa mtandao wa simu wametazama ilikokuwa. Siku iliyofuata wizi, ile Jumanne, simu yake ilikuwa hewani kutwa nzima. Rujewa. Jumatano alfajiri ikazimwa, haijawashwa tena. Afande alisema, "Ungesema siku ile ile, kaka, tungewapigia wenzetu wa Rujewa wakamdaka." Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshaanza kumsikiliza mtu mwingine.

Jumanne kutwa nzima. Bajaji iko Rujewa, mimi nakunywa chai Miyomboni.

Nimeteremka hadi Ipogolo kwa miguu. Nikakaa kando ya barabara kuu kutazama malori yanayoelekea huko. Nimelia mbele za watu. Mama wa mahindi ya kuchoma kanipa hindi, kakataa hela.

Ijumaa, 21 Machi
Basi la asubuhi hadi Uyole. Nimemweleza shemeji jikoni kwake, anamenya viazi. Kukata safari, uongo wangu kwa polisi, Rujewa, yote. Hakuacha kumenya. Mwisho akasema, "Bora ungeniambia umeiuza, shemeji. Ningejua pa kuipeleka hasira."

Akanipakulia chakula. Nimekula. Ningekataa ningemuongezea tusi.

Neema alikuwa nyumbani, siku ya masomo. Alinisalimia shikamoo vizuri tu, akachukua ndoo akaenda zake. Sikuuliza.

Jumamosi, 22 Machi
Nimerudi Iringa.

Jumapili, 30 Machi
Sikwenda kanisani. Nimefuta akaunti yangu kwenye programu. Inauliza kwa nini naondoka. Sababu wameziweka wenyewe, unachagua: nimehama, nimepata kazi nyingine, sijaridhika na huduma. Chini kabisa, sababu nyingine. Nikagusa hiyo. Kikatokea kisanduku cha kuandikia.

Nikaandika: Neema ameacha chuo.

Nikatuma. Mvua imeanza, nimeingiza nguo ndani.