Jina Lake si Meri

Jumatatu, 6 Oktoba

Uji wa Mama, dawa za Mama, kisha nikakimbilia dirishani kumpungia mkono Nasri akienda stesheni. Miezi miwili ya ndoa na moyo bado unaniruka. Jamani, mume wangu mzuri! Hata na lile koti la kazi la rangi ya machungwa, Stratford nzima, huku ughaibuni, hana mfano.

Barua imefika. Hospitali wanatundika picha ya Mama, mama mkwe wangu, ukutani Ijumaa hii. Mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mgomo wa wafagizi pale. Atakayeifunua ni Mnyapara. Yuleyule msimamizi aliyemfukuza kazi.

Nimeisoma mara mbili.

Jumatano, 8 Oktoba

Kiharusi kilimwondolea Mama Kiingereza chote. Kimebaki Kiswahili cha Tanga. Nasri wangu kazaliwa huku, anasikia lakini kujibu hawezi. Kwa hiyo hadithi zote zinanimwagikia mimi.

Leo nimesikia ya Mnyapara. Hakutaka kujifunza majina. Wafagizi weusi wote aliwaita Meri. "Meri, choo. Meri, ngazi." Wazungu walikuwa na majina yao, na zamu nzuri zilikuwa zao. Siku moja Mama, Mwanahamisi binti Omari, akakataa kuitika. Kesho yake wanawake kumi na tisa hawakuitika. Wakasimama nje kwenye baridi wiki tano. Wenzake wakapata majina yao kifuani, na zamu sawa na wengine. Mama akapata barua ya kufukuzwa.

Sijawahi kumwona mtu huyo na namchukia. Ijumaa mkalimani ni mimi. Nataka aadhirike mbele za watu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Natamani ardhi inimeze.

Mnyapara ni mzee sasa, anachechemea na fimbo. Akajikwaa jukwaani, nusura aanguke. Mama, kwa mazoea tu, akamwambia, "Pole." Ukumbi mzima ukanigeukia. Maikrofoni iko mdomoni. Nikatoa neno nililofundishwa sekondari. Mama anasema sori.

Mnyapara akaweka mkono kifuani. Akasema alishamsamehe zamani.

Wakapiga makofi. Wengine walifuta machozi. Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Sisi pole tunampa aliyejikwaa, aliyefiwa, anayeumwa. Wao sori yao hiyohiyo ni ya mkosaji pia. Nimemwombisha msamaha mwanamke aliyeonewa! Kabla sijafungua mdomo tena, maikrofoni ikachukuliwa, wakaenda kwenye biskuti.

Kwenye teksi Mama akauliza, "Makofi yalikuwa ya nini?" Nikamwambia. Hakunitazama mpaka nyumbani. Nasri alinishika mkono njia nzima. Leo hata mkono wake haukunifaa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi Mama kaniita.

"Mwalike."

"Nani, Mama?"

"Huyo aliyenisamehe."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso, ule mzima. Nasri akasema kwa Kiingereza chake kuwa yamepita, tuyaache. "Nyamaza, mzungu wewe," Mama akamjibu. Nikambusu Nasri ili asinune. Kisha nikapiga simu.

Jumanne, 14 Oktoba

Alikuja na maua, anatabasamu. Mama alikuwa ameshaniamuru: hakuna chai, hakuna hata maji. Mimi, mtoto wa Tanga, mgeni kakaa kitini na meza iko tupu! Miguu iliinuka yenyewe kuelekea jikoni.

"Keti, mwanangu."

Nikaketi.

"Mwambie pole ile ilikuwa ya mguu wake."

Nikamwambia.

"Mwambie sikumwomba msamaha. Na yeye simsamehe."

Nikamwambia, neno kwa neno. Nilikuwa nimefanya mazoezi na Nasri siku mbili. Tabasamu likamwisha.

"Muulize mimi naitwa nani."

Akafungua mdomo. Akatazama maua. Jina liko chini ya picha aliyoifunua kwa mkono wake siku nne zilizopita! Mwishowe akasema sori.

"Anasema samahani, Mama. Hajui."

"Mrudishie maua yake."

Nikamrudishia. Nilimfungulia mlango na sikuona huruma hata chembe. Ngazi alizishuka moja moja. Nilimtazama mpaka ya mwisho. Tamu kama asali.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Hospitali wametuma habari watakayoichapa kwenye jarida lao: Mama na Mnyapara wamepatana. Wanaomba ridhaa ya Mama.

"Andika hapana."

Niliandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu, mistari miwili. Nasri aliketi ubavuni kwangu, akasahihisha herufi moja tu. Mama akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haufanyi kazi. Ilichukua muda. Nasri alitaka kumshikia karatasi. Nikamzuia.