Mzizi Nilioufunga Kwenye Leso

Saidi, rafiki na ndugu yangu,

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Kwa hiyo naandika kabla haujanishinda kabisa.

Bustani yako ya Jangwani bado ipo. Analima binti yako Rehema, na kila asubuhi anapeleka mchicha sokoni Kariakoo. Wiki iliyopita alikuja hapa uani kwangu na mche wa nyanya ulionyauka. Mizizi yake ilikuwa na vinundu kama shanga. Akaniamkia, akauliza huu ni ugonjwa gani.

Nilijua. Nilijua hata zamani zile, nyanya zako zilipokufa.

Ile miche nilikupa mimi. Niliiotesha kwenye makopo ya rangi, nawe ukanicheka: "Bwana shamba wa Kariakoo, shamba lako linaingia uvunguni." Miaka yote ya kazi niliwakataza wakulima kuotesha miche kwenye udongo uleule kila msimu. Mimi nikautumia uleule. Ulikuwa na minyoo fundo, midogo hata jicho haliioni. Inaingia kwenye mzizi, mzizi unavimba, maji hayapandi. Ndiyo maana nyanya zako zililegea mchana na huku udongo umelowa.

Ulipokwenda kuswali adhuhuri, niling'oa mche mmoja, nikaona vinundu vilevile. Nikaufunga mzizi kwenye leso, nikautia mfukoni. Uliporudi nikakwambia kinachoziua nyanya ni maji ya rangi za batiki, yale aliyokuwa akimwaga mtaroni dada yako Mwajuma. Ukaamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Ukamfukuza. Akahamia Buguruni. Hata ulipougua hukutaka aje, na mimi nilikuwa pale kitandani, nakunywesha uji. Nilinyamaza, Saidi. Ulikufa na mimi nimenyamaza.

Safari hii nimemweleza Rehema yote. Aliutazama ule mche mkononi mwake, akasema, "Kumbe shangazi alionewa." Akaondoka, chai yake hakuigusa.

Jana alirudi. Ijumaa atanipeleka Buguruni, naye atabeba mche ule ule. Nitauosha mizizi mbele ya Mwajuma auone kwa macho yake. Sitaanza kwa kujiombea msamaha. Nitaanza kwa kumwambia kwamba wewe ulidanganywa, na aliyekudanganya ni mimi.

Pumzika, ndugu yangu. Tukikutana, usiniulize habari zangu. Niulize ya dada yako. Nakuahidi nitakuja na jibu.