Maji ya Mwezi Kumi na Nne

Kiwayu, Jumatano, 1 Oktoba 2025

Baba yangu Mzee Barka,

Assalamu alaykum. Mimi na mke wangu Israa tu wazima, na twakuombea nafuu ya magoti. Najua bado umenuna tangu Idd, nilipofungua kwa kufuata Makka, siku moja kabla yako. Ulisema, “Mwezi huonekana kwa mato, si kwa simu,” na miezi sita sasa hatujasemezana. Leo shida imenileta kwako.

Nina wageni wawili, walimu kutoka Meru, Bi Kagendo na mumewe Bramwel. Wanataka kuingia hifadhini kwa ule mkono wa mikoko wa Kitangani, wapige makasia na wamwone nguva. Israa ndiye atakayewapikia. Simu hutupa saa za maji ya Amu mjini, si ya mkono ule, na wewe umeupita miaka arubaini. Nipe siku na saa ya kupita mlangoni mwa mkono ule.

Mwanao,
Jaafar

Siyu, mwezi 9, Mfungo Saba

Jaafar,

Waalaykum salaam. Magoti ni yale yale. Ingia siku ya mwezi kumi na nne. Uwe mlangoni saa kumi kasoro robo ya jioni, maji yakiwa yamejaa. Mle hayangoji mtu. Ukichelewa yatakuacha juu ya matope. Nisalimie Israa, ambaye hakuniandikia hata mstari mmoja.

Babako,
Barka

Kitangani, Jumatatu, 6 Oktoba, saa kumi na moja jioni

Baba,

Salamu nitazitimiza nikitoka humu. Leo ni mwezi kumi na nne. Nilifika mlangoni saa ile ile uliyoniandikia, tukaingia, na wageni wakamwona nguva na kitoto chake, wakafurahi sana. Kumbe maji yalikuwa yameshageuka. Tumekwama katikati ya mkono. Israa alishuka kusukuma boti, na samaki taa akamchoma kifundoni kwa mwiba wake. Damu haikukatika mpaka nilipomfunga mguu kwa kamba. Anatetemeka, na mimi naogopa.

Simu haishiki hapa. Wazir, mvuvi wa kaa, ametukuta. Boti yake iko nje ya mikoko, na matope haya hayaruhusu kumbeba Israa mpaka huko, basi yeye atakuletea barua hii. Niambie tutatoka lini, na utafute mtu mwenye mashine ya nguvu. Baba, ulinipa saa gani ile?

Mwanao,
Jaafar

Siyu, Jumatatu, baada ya magharibi

Mwanangu,

Maji yatawanyanyua saa tisa na robo, kabla ya alfajiri. Khatib atawangoja mlangoni kwa boti yake ya mashine, awakimbize Amu hospitali. Wazir anarudi sasa hivi na barua hii. Mpe Israa maji ya kunywa, umfunike asipate baridi.

Leo kwetu ni kumi na tatu. Saa niliyokupa ni ya kesho. Leo maji yamejaa karibu saa nzima kabla yake. Nilipokuandikia nilijua kuwa hesabu yako imetangulia siku moja. Ningeandika “Jumanne” tu, yangekwisha, lakini mkono ulikataa. Nilisema, akiitaka bahari yangu na aufuate mwezi wangu. Na ukweli mwingine ni huu: nilitaka uone shaka, uandike tena kuniuliza. Miezi sita ni mirefu.

Babako,
Barka

Amu, nje ya hospitali, Jumatano, 8 Oktoba

Jaafar mwanangu,

Assalamu alaykum. Niko kwenye benchi huku nje tangu adhuhuri. Muuguzi ameniambia kamba ilikaa mno, unyayo ukafa, na leo asubuhi wameukata. Alinishika mkono akanipa pole, kwa kuwa hajui nilichokifanya. Nimeshindwa kumwambia.

Mtoto ndiye huomba radhi kwa mzazi wake. Leo mimi mzazi nawaomba nyinyi. Muulize Israa kama niingie. Akikataa, usinifiche.

Babako,
Barka

Nyuma ya karatasi hiyo hiyo

Baba,

Waalaykum salaam. Ingia. Ila usituombe radhi leo. Israa hana nguvu ya kuitoa, na mimi bado sijaipata.

Mwanao,
Jaafar